Cheti cha kuzaliwa hakithibitishi uhai: kisa cha chenji za Bitcoin

Wapo wanaodhani kwamba ndani ya Bitcoin kuna akaunti zenye salio, kama benki au kama kwenye simu zetu. Hakuna. Bitcoin ni kama noti mfukoni. Ukilipa, noti nzima inakwenda, na chenji yako inarudi ikiwa noti mpya. Noti ambayo haijatumika ndiyo pesa yako. Ikishatumika, imekufa. Kwa hiyo kila kompyuta inayokagua malipo inatunza orodha ya noti zote zilizo hai, la sivyo mjanja atalipa mara mbili kwa noti ile ile.

Sasa orodha hiyo inanenepa. Mwaka 2019 ilikuwa na noti kama milioni 60. Kufikia 2024 zilikuwa zimepita milioni 150, zikijaza zaidi ya gigabaiti 10. Ikiendelea hivyo, wenye mashine kubwa watakagua na sisi wengine tutaamini tunachoambiwa. Hapo tofauti na benki iko wapi?

Ndugu msomaji, nusu ya dawa ilikuwepo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1979 Ralph Merkle, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika juu ya mti ambao leo unaitwa kwa jina lake. Unachukua kila andishi na kulisaga kwa hesabu mpaka upate namba ya urefu maalumu iitwayo heshi. Heshi mbili unazisaga pamoja kupata moja, na kuendelea hivyo mpaka ibaki moja tu, yaani mzizi (mti huu mzizi wake uko juu!). Mwenye mzizi peke yake anaweza kuonyeshwa heshi chache tu, akaridhika kwamba andishi fulani limo.

Satoshi Nakamoto alipotoa andiko lake la kurasa 9 mwaka 2008, aliuweka mti huo ndani ya kila bloku. Lakini mti huo unathibitisha kwamba malipo yaliingia tu. Hausemi kama noti iliyozaliwa humo ingali hai. Ni kama cheti cha kuzaliwa: hakithibitishi uhai. Waulize wastaafu wanaoitwa kuhakikiwa.

Njia ya pili ilitoka kwa Josh Benaloh na Michael de Mare mwaka 1993, nayo inaitwa akumuleta. Ukiitumia kwenye noti zetu, kila noti inapewa namba tasa yake, na zote zinafungwa ndani ya namba moja. Ushahidi wako nao ni namba moja tu, hata noti ziwe bilioni. Mwaka 2002 Jan Camenisch na Anna Lysyanskaya walionyesha jinsi ya kuondoa kitu ndani yake bila kuanza upya, na mwaka 2018 Dan Boneh, Benedikt Bünz na Ben Fisch wakaileta kwenye sarafu za kidijitali. Ukilinganisha ukubwa wa ushahidi peke yake, mti wa Merkle umeshindwa.

Ila kuna mtego. Hesabu hizo zinasimama juu ya namba kubwa iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili za siri. Anayezijua hizo mbili anaweza kughushi ushahidi wa noti ambayo haipo, na hakuna atakayegundua. Nani aliziunda? Kweli amezifuta? Zipo hesabu nyingine zisizo na siri hiyo, lakini zinaichosha zaidi kompyuta.

Ndiyo maana wengine walirudi kwa Merkle. Mwaka 2016 Peter Todd alipendekeza miti iliyopangwa kama safu ya milima, ambayo noti zinaongezwa bila kutolewa. Iliyotumika inawekewa alama tu. Mwaka 2019 Thaddeus Dryja wa MIT akaja na Utreexo, msitu wa miti ya Merkle ambao noti iliyotumika inang'olewa kabisa. Kompyuta yako inatunza mizizi tu, isiyofika hata kilobaiti moja. Mwenye noti ndiye anayeleta ushahidi. Katika mti wa noti milioni 67, ushahidi huo ni heshi 26 za baiti 32 kila moja, jumla baiti 832.

Si bure. Ushahidi unazeeka kila bloku mpya inapoingia, hivyo lazima mtu ausasishe, na data za kupakua zinaongezeka. Mzigo umehama kutoka kwenye diski kwenda kwenye bando. Kwa anayenunua bando kwa siku, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kwangu mimi Dryja amechagua vizuri. Ushahidi mrefu unaoweza kuukagua mwenyewe ni bora kuliko mfupi unaotegemea siri ya mtu usiyemjua. Bando litashuka bei siku moja. Lakini siri iliyovuja hairudi tena, na fedha hii ilibuniwa ili tusilazimike kumwamini mtu.