Ngome ya Mvita: Kutengenezwa Kwake, na Yale Ambayo Kuta Hazisemi



Baada ya hesabu za fedha na habari za misaada iliyotolewa kwa wafiwa, wagonjwa na watoto wa shule, tumeona yafaa kuweka katika kitabu hiki maneno machache juu ya jengo ambalo kila mmoja wetu hulipita, lakini wachache hulitazama. Jengo hilo ni Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno waliipa jina la Yesu. Twaandika habari zake si kwa ajili ya ukubwa wa kuta zake tu, bali kwa sababu historia yake ina sehemu moja ambayo kuta hizo hazionyeshi tena, na waijuao ni wazee wetu wenyewe.

Ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, ukingoni mwa kisiwa, mahali ambapo bahari huingia kuelekea Bandari ya Kale. Jahazi lililokuja na kaskazi, au lililoondoka na kusi, halikuweza kupita pasipo kuonekana. Aliyeshika mwamba ule alishika mlango wa mji, na hiyo ndiyo sababu ya damu nyingi iliyomwagika hapo.

Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupiga mji na kuuchoma moto, na mwaka 1528 Nuno da Cunha naye akaushambulia. Mara hizo Wareno walipiga, wakachukua, wakaondoka. Lakini mwaka 1589, baada ya kupigana hapa na Waturuki walioongozwa na Mirale Bey, waliona hapana budi wakae. Mwaka 1593 ujenzi ukaanza, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan aliyekuwa akimtumikia Mfalme Felipe, ambaye siku zile alitawala Uhispania na Ureno pamoja. Ramani yake, ikitazamwa kutoka juu, yafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini.

Ngome hiyo haikukaa mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, Sultani aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliinuka juu yao, akamwua kapiteni wao na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata akaiacha, na Wareno wakarudi. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na mazingira hayo yakadumu mpaka Desemba 1698. Maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Ilifika wakati, katika mwaka 1697, kapiteni Mreno alipokufa na askari wake karibu wote wamekwisha kufa, na ulinzi wa ngome ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika waliokuwamo ndani, waume kwa wake. Jina la Cairati hutajwa na kila kiongozi wa wageni; ni wangapi kati yetu waliopata kusikia jina la Bwana Daud?

Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka 1729. Baadaye Wamazrui walitawala kutoka humo, mpaka Seyyid Said alipoutwaa mji mwaka 1837. Mwaka 1875 manowari za Waingereza ziliipiga ngome kwa mizinga, ili kumtiisha akida aliyemwasi Sultani wa Unguja. Hatimaye, mwaka 1895, Waingereza walipoanza kutawala nchi, waliigeuza ngome kuwa gereza.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo, alifikirie neno hilo. Wataalamu wa lugha hueleza kwamba neno letu gereza latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa. Jina la kanisa likawa jina la boma, na boma lilipotiwa wafungwa, jina likawa la kifungo. Tulichukua kwa Wareno bendera, meza na leso, lakini hakuna neno jingine lililosafiri safari ndefu namna hii. Nyumba ya sala imekuwa nyumba ya minyororo, na safari yote hiyo imehifadhiwa katika neno moja.

Ngome ilikuwa gereza kwa miaka 63. Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo jengo likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Shirika la Gulbenkian la Lisbon lilitoa fedha za kulitengeneza. Kazi iliongozwa na James Kirkman, ambaye kabla ya hapo alikuwa amechimbua magofu ya Gedi kwa miaka mingi. Mengi ya majengo yaliyoongezwa wakati wa gereza yalibomolewa, kifusi kikaondolewa, na misingi ya kanisa na ya nyumba za askari ikafunuliwa. Mwaka 1960 milango ilifunguliwa, na gereza likawa jumba la makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Kazi hiyo yastahili sifa. Mafundi waashi walio miongoni mwetu wajua kwamba jengo la kale la pwani lina adabu yake. Jiwe la matumbawe hunywa maji na kuyatoa tena, na chokaa iliyochomwa tanurini huliachia lipumue. Ukilipaka saruji ngumu, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya miaka michache uso wa jiwe humomonyoka. Kadhalika bahari haichoki kuula mwamba ulio chini ya kuta, hata miaka ya karibuni imebidi ujengwe ukuta wa kuyazuia mawimbi. Kutengeneza, basi, si jambo la kufanywa mara moja likaisha. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimeanguka, si kwa sababu zilijengwa vibaya, bali kwa sababu siku moja paa lilivuja na hapakuwa na mtu wa kuliziba.

Lakini kutengeneza ni kuchagua pia. Mtengenezaji hawezi kuzirudisha zama zote kwa mara moja. Ili misingi ya kanisa ionekane, ilibidi kilicho juu yake kiondoke. Hatumlaumu aliyechagua. Mgeni aingiapo leo huona mizinga, michoro ambayo mabaharia Wareno waliichora ukutani, nyumba ya Waarabu wa Oman, na vyombo vya Santo António de Tanná, merikebu iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977. Haya yote ni mema. Lakini ile miaka 63 ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Wareno hawakuwa babu zetu. Waliolala chini katika vyumba vile, wengi wao, walikuwa babu zetu.

Hatusemi kwamba wote waliofungwa humo walikuwa watu wasio na hatia. Gereza hupokea mwizi na mwuaji. Lakini sheria za wakati ule zilimfunga pia mtu aliyeshindwa kulipa kodi, na aliyekutwa hana kipande. Jamaa nyingi zimelificha jambo hili, kana kwamba ni aibu ya ukoo. Sisi twaona kwamba aibu haikumpasa mtu aliyefungwa kwa ajili ya umaskini wake.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 milango ya gereza ilipofungwa, leo amekwisha kupita miaka 85. Hapa chamani petu wamo wachache wa umri huo, na kila mwaka hesabu ya misiba katika taarifa hii yawapunguza. Jiwe likianguka, fundi aweza kulirudisha kwa chokaa. Maneno ya mzee yakienda naye kaburini, hakuna fundi.

Kwa hiyo twawaomba wazee wetu, kwa heshima na taadhima, wakubali kusema: aliyefungwa humo, aliyekuwa askari mlinzi, aliyempelekea baba chakula, aliyesubiri nje ya lango. Na twawaomba vijana waliosoma wakae nao, waandike kwa mwandiko safi, jina, mwaka na habari, bila kuongeza wala kupamba. Daftari limewekwa kwa Katibu, na kwa asiyeweza kutembea, sisi tutakwenda nyumbani kwake.

Wengine wamekwisha kuzitengeneza kuta. Sehemu iliyobaki ni yetu.