Programu kwenye simujanja ya zamani

Matumizi ya programu kwenye simujanja ya zamani yanahusu njia za kuiwezesha simu isiyopata tena masasisho ya mfumo wa uendeshaji kuendelea kutumia programu za ujumbe, vivinjari na huduma nyingine. Tatizo hili huwapata hasa watumiaji wa Android, kwa kuwa simu nyingi huachwa na watengenezaji wake miaka michache baada ya kuuzwa, ilhali kioo, kamera na spika bado ni vizima.

Sababu

Kila toleo la Android lina namba ya kiwango: Android 4.4 ni kiwango cha 19, Android 5.0 ni cha 21. Mtengenezaji wa programu huandika ndani yake kiwango cha chini anachokubali, na simu iliyo chini ya hapo hukataa kuipokea. Kufuta picha ili kupata nafasi, jambo ambalo wengi hulifanya kwanza, hakusaidii kitu katika hali hiyo.

WhatsApp ni mfano unaojulikana sana. Iliacha kutumika kwenye Windows Phone tarehe 31 Desemba 2019, kwenye Android 2.3.7 na iOS 8 tarehe 1 Februari 2020, kisha kwenye Android 4.0.4 Novemba 2021. Mazungumzo hayahamii simu nyingine yenyewe. Asiyeweka nakala mapema anaweza kuyapoteza pamoja na picha zake.

Kwa upande wa iPhone, iOS 11 ya mwaka 2017 iliacha programu zote za biti 32, na iPhone 5 ikabaki kwenye iOS 10.

Sababu nyingine ni vyeti vya usalama vinavyothibitisha tovuti. Simu huwa na orodha ya mamlaka inazoziamini, na kwenye Android za zamani orodha hiyo husasishwa pamoja na mfumo wenyewe tu. Cheti cha mzizi kilichotumiwa na Let's Encrypt kilipokwisha muda tarehe 30 Septemba 2021, simu zenye Android ya kabla ya 7.1.1 hazikuwa na cheti kipya katika orodha yao, ikabidi itafutwe njia ya muda ya kuzisaidia. Firefox haikuathirika vivyo hivyo, kwani hubeba orodha yake yenyewe.

Njia zinazotumika

Jambo la kwanza ni kutazama tarehe na saa. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji inaweza kurudi miaka ya nyuma, na hapo hata tovuti salama huonekana kuwa na cheti batili. Fundi asiyelijua hili huweza kuiflashi simu bure.

Tangu 2013, App Store humpa mwenye iPhone ya zamani toleo la mwisho linalolingana na simu yake, iwapo lipo. Kwenye Android, F-Droid, hazina ya programu huria iliyoanza 2010, huhifadhi pia matoleo ya nyuma ya programu nyingi. Huduma nyingine hufunguka kwenye kivinjari bila kuhitaji programu. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, hutumika kupitia menyu ya laini, hivyo kutuma pesa hakutegemei toleo la Android.

Wengine hupakua faili za APK kutoka tovuti zisizojulikana. Hii ndiyo njia ya hatari kuliko zote, maana faili iliyochezewa inaweza kusoma ujumbe mfupi, zikiwemo namba za siri zinazotumwa na benki. Android hukataa sasisho lisilo na saini ileile ya programu iliyopo. Lakini mtu akiifuta kwanza ile ya awali, kinga hiyo huondoka.

Kwa baadhi ya simu inawezekana kuweka mfumo mwingine kabisa, kama LineageOS, iliyorithi kazi ya CyanogenMod mwishoni mwa 2016. Kazi hiyo kwa kawaida hufuta kila kitu kilichomo, na programu kadhaa za benki hukataa kufunguka kwenye simu iliyobadilishwa hivyo.