Makumi Yaliyofichika: Lugha na Hesabu za Namba Nzima katika Eneo la Kisumu

1. Utangulizi

Mamboleo ni kitongoji kilicho pembezoni mwa mji wa Kisumu, mahali ambapo barabara ya Kakamega huachana na ile ya Miwani. Mtoto wa hapo atumwaye sokoni aweza kuhesabu samaki kwa Dholuo, akaulizia bei kwa Kiswahili, kisha shuleni akaisoma jumla ile ile kwa Kiingereza. Jambo hili limezoeleka hata halimstaajabishi mtu. Hata hivyo, lugha tatu hizo haziyapangi makumi na mamoja kwa namna moja, na mazoezi ya mwanzo ya kujumlisha na kutoa si kitu kingine ila kuyapanga makumi na mamoja.

Makala haya yanachunguza historia ya lugha ya kuhesabia katika eneo hilo. Hoja yake ni kwamba mabadiliko mengi ya elimu nchini Kenya yalijadili nini kifundishwe na kwa lugha ipi, lakini hayakuyatazama kwa karibu maneno yenyewe ya namba, ambayo ndiyo chombo cha kwanza mkononi mwa mtoto.

2. Maneno ya namba na muundo wake

Katika Dholuo, moja hadi tano ni achiel, ariyo, adek, ang'wen na abich. Baada ya hapo hesabu hurejea nyuma ili kusonga mbele: auchiel (sita) lina achiel ndani yake, na abiriyo (saba) lina ariyo. Aboro (nane) limechakaa kiasi kwamba sehemu zake hazionekani waziwazi, na ochiko (tisa) limesimama peke yake. Lakini Kiacholi, ndugu yake wa kaskazini mwa Uganda, husema abong'wen kwa tisa, na humo nne ingali inasikika. Hapana shaka basi kwamba msingi wa tano ni wa kale katika jamii hii ya lugha.

Kutoka kumi (apar) kwenda juu, utaratibu ni wazi zaidi. Kumi na tano ni apar gabich. Ishirini ni piero ariyo, yaani makumi mawili. Thelathini ni piero adek. Tisini ni piero ochiko. Kila jina la kumi hutaja idadi ya makumi yaliyomo.

Kiswahili nacho hapo kale kilikuwa na utaratibu wa Kibantu. Sita iliitwa tandatu, saba iliitwa mfungate, na tisa iliitwa kenda. Neno fungate, yaani siku saba za arusi, ni mabaki ya hesabu hiyo, na kenda lingali hai katika Gikuyu na Kikamba. Biashara ya pwani ilileta sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, pamoja na ishirini, thelathini, arobaini na wenzao. Kwa Mwarabu, arobaini ni nne iliyonyambuliwa, kwa kuwa nne kwake ni arbaa. Kwa Mswahili asemaye nne, uhusiano huo umekatika. Yapo majina ambayo mtoto aweza kuyatambua: sitini hufanana na sita, sabini na saba, tisini na tisa. Lakini ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini hayana budi kukaririwa, na manne ya kwanza ndiyo yale mtoto aanzayo nayo.

Ni haki pia kutaja upande wa pili. Watu wa pwani walipata kutumia edashara na thenashara za Kiarabu, lakini Kiswahili cha leo kimerudia kumi na moja na kumi na mbili. Hapo kinaonyesha muundo wake vizuri kuliko Kiingereza, ambacho majina yake ya kumi na moja na kumi na mbili hayaitaji kumi hata kidogo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha tofauti hizi. Mtoto aambiwa ajumlishe 27 na 15. Kwa Dholuo asema piero ariyo gabiriyo, kisha apar gabich. Ndani ya abiriyo mna tano na mbili. Ile tano ikikutana na abich hufanya kumi kamili, na mbili husalia. Makumi yalikuwa mawili na moja. Likiongezwa hilo jipya yanakuwa manne. Jibu ni piero ang'wen gariyo, na maneno yenyewe yameeleza kazi iliyofanyika. Kwa Kiswahili, ishirini na saba na kumi na tano huzaa arobaini na mbili. Jibu ni lile lile, ila makumi manne yamejificha ndani ya neno ambalo halisemi nne.

3. Historia ya lugha ya kuhesabia

Reli ilifika ufukweni mwa ziwa mwaka 1901, na pamoja nayo ikaja hesabu ya fedha. Rupia ilitumika mpaka mwaka 1920 ilipofuatwa na florini, kisha shilingi mwaka 1921. Wakulima na vibarua walilazimika kujifunza kuhesabu upya mara mbili katika muda mfupi. Hesabu hiyo ya kodi, mshahara na duka ilisafiri sana kwa Kiswahili, na Dholuo ikapokea humo neno mia. Ni vema ieleweke kwamba haikukopa majina ya makumi. Piero ilibaki, kwa kuwa ilikuwa ikitosha.

Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini. Mwelekeo ulibadilika kuanzia mwaka 1957, mpango wa kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulipoanza Nairobi na kuenea. Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliuunga mkono. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikarudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza, na kuacha Kiingereza kianze darasa la nne.

Wakati huo huo palikuwa na mjadala mwingine. Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, vilivyotilia mkazo seti na sababu za mambo kuliko kukariri. Wazazi na walimu wengi walilalamika kwamba watoto hawakujua tena kujumlisha, na mwaka 1981 serikali ya Kenya iliifuta. Pande zote mbili zilishindana juu ya mazoezi na maana, kana kwamba ni vitu viwili vinavyopingana. Lakini piero ang'wen ni zoezi na maana kwa pamoja, na lugha ya vitabu vile haikuwa ya piero.

Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, na hisabati ikapata istilahi zake: namba shufwa, namba witiri, namba tasa. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, ilishughulikia dhana mpya. Majina ya makumi yaliachwa yalivyo kwa kuwa yalikwisha kuwapo.

4. Hitimisho

Uzito wa jambo hili unaonekana katika upimaji wa Uwezo ulioanza mwaka 2009, ambao ulionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu nchini Kenya hawakuweza hesabu za darasa la pili. Si haki kuitupia lugha lawama yote. Umaskini, wingi wa wanafunzi na upungufu wa walimu vina sehemu yao. Aidha, tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1980 kuhusu Kijapani na Kikorea, ambamo majina ya makumi yako wazi kama ya Dholuo, zimeunga mkono hoja kwamba uwazi huo huwasaidia watoto, ingawa wataalamu wangali wanabishana juu ya kiasi chake.

Sera ya lugha ya eneo ina ugumu wake mahali kama Mamboleo, ambapo Wajaluo, Waluhya na wengineo huishi pamoja, na Kiswahili mara nyingi ndicho kinachowaunganisha. Lakini si lazima Kiswahili kisubiri. Makumi mawili na saba ni Kiswahili sanifu, tena cha asili kuliko ishirini na saba. Mwalimu aweza kuanza nacho, watoto wakafanya mazoezi ya kujumlisha na kutoa hadi makumi yawakae masikioni, ndipo ishirini ije kama jina la pili la kitu wanachokijua. Mtoto wa Kijaluo atakuwa amekwisha kukijua kabla ya kuingia darasani, kwa sababu nyumbani huitwa piero ariyo. Kazi ya shule ni kutomsahaulisha.