Machimbo ya Shaba ya Kilembe

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaoyasoma maneno haya katika kijitabu, shaba twaijua sote. Ndiyo waliyofulia wazee wetu vyombo na mapambo, na ndiyo ipitishayo nguvu ya umeme katika nyaya. Lakini ni wachache wajiulizao jinsi itokavyo mlimani, na kitu gani hubaki nyuma watu wakiisha kuichukua na kwenda zao. Leo twataka kuyatazama mambo hayo mawili kwa mfano wa mahali pamoja, napo ni Kilembe, magharibi ya Uganda, katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Ruwenzori.

Kwanza tuutazame mlima. Kilimanjaro na mlima Kenya ilijengwa na moto wa volkano uliotoka chini ya ardhi. Ruwenzori haikuzaliwa hivyo. Ni pande kubwa la miamba ya kale, lililosukumwa juu katika Bonde la Ufa kwa muda wa miaka milioni michache iliyopita, hata kilele chake kiitwacho Margherita kikafika zaidi ya futi 16,700 juu ya bahari. Miamba yenyewe ni ya kale mno kuliko mlima; ile ya Kilembe hukadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka milioni 2,000. Ndani yake shaba ilikaa imeungana na chuma na kiberiti, pamoja na madini mengine yaitwayo kobalti. Mlima ulipoinuka na mito ikaukata, shaba iliyokuwa chini sana ikatokea karibu na uso wa nchi. Mwamba wa namna hiyo ukiguswa na mvua na hewa hufanya madoa ya kijani, kama sufuria ya shaba iachwayo nje bila kusuguliwa.

Wakonzo walikaa katika mabonde hayo zamani kabla ya mgeni yeyote. Mwaka wa 1906 alikuja Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliyepanda vilele vya Ruwenzori; na tangu msafara wake habari za shaba ya Kilembe zikaenea. Hata hivyo ilipita karibu nusu ya karne kabla ya kuchimbwa kwa wingi. Sababu si ngumu kuifahamu. Katika kila frasila 100 za mawe ya Kilembe mlikuwa na frasila 2 hivi tu za shaba, na pwani ilikuwa mbali. Nani angeweza kuchukua mzigo kama huo kwa vichwa vya watu?

Mambo matatu yalifungua njia. Kampuni ya Kanada ilileta mali na mafundi. Mwaka wa 1954 boma la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja, umeme ukapatikana. Tena mwaka wa 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, maili chache kutoka Kilembe, na mwaka ule ule shaba ikaanza kutoka. Mawe yalipasuliwa ndani ya mlima, yakasagwa kuwa unga, na unga ukatiwa katika maji yenye dawa na kupulizwa hewa. Povu lilipanda juu likichukua chembe za shaba, na mchanga usiofaa ukazama. Chembe hizo zilisafirishwa kwa gari la moshi mpaka Jinja, zikayeyushwa katika tanuru, kisha shaba ikapelekwa Mombasa kupakiwa melini.

Kwa kulinganisha na machimbo ya Katanga, Kilembe ilikuwa ndogo. Lakini kwa Uganda ilikuwa kubwa. Katika miaka ya 1960 shaba ilifuata kahawa na pamba katika bidhaa zilizouzwa ng'ambo. Nyumba, shule na hospitali zilijengwa bondeni, na maelfu ya watu walipata riziki yao hapo.

Hata katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ulimwenguni ikaanguka. Uganda ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin. Mafundi wa kigeni waliondoka na vyuma vya kutengenezea mitambo vikawa haba. Mwaka wa 1982 kazi ilisimama. Hesabu yaonyesha kwamba tani milioni 16 hivi za mawe zilikuwa zimetolewa, nazo zikatoa tani 270,000 hivi za shaba. Mwaka wa 2013 kampuni kutoka China ilikodishwa mahali hapo, lakini mkataba ukavunjwa mwaka wa 2017.

Sasa tuulize: mawe mengine yote yalikwenda wapi? Yalibaki, mengi yakiwa marundo kando ya mto. Hapa ndipo penye fundisho. Jiwe lenye kiberiti likikaa ndani ya mlima, mbali na hewa, halina neno. Likisagwa na kuachwa nje, hewa na mvua hulila kama kutu ilavyo msumari, na humo hutoka maji makali yawezayo kuyeyusha shaba na kobalti na kuyachukua mpaka mtoni na mashambani. Huko Kasese rundo la zaidi ya tani milioni moja lilitiririsha maji ya namna hiyo, hata majani yakafa njiani kuelekea ziwa George. Tangu mwaka wa 1999, kwa miaka zaidi ya kumi, kampuni moja ililitumia rundo hilo kwa kuvitia kazini vijidudu vidogo sana vilao mawe ya kiberiti, wakapata kobalti ya kuuza. Hivyo takataka ikawa mali.

Marundo ya Kilembe hayakupata bahati hiyo. Tarehe 1 Mei 2013, Nyamwamba ilifurika ikabomoa nyumba na kuua watu; Mei 2020 ilifurika tena, ikaiharibu hospitali ya Kilembe. Kila mafuriko huumega mchanga wa machimbo na kuupeleka chini, kwa watu wanywao na kulima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Kilembe ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Basi machimbo hayaishi siku watu wanapoweka chini sururu. Watu huondoka, lakini maji na hewa huendelea na kazi. Mchimba madini akija katika nchi yenu, msimwulize tu atalipa mshahara gani. Mwulizeni pia mawe atayaweka wapi, na ni nani atakayeyalinda yeye akiisha kuondoka.