Chupa Zilizouza Usingizi wa Watoto

Katika karne ya 19, mama aliyefanya kazi viwandani Nottingham, Uingereza, alitoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Kichanga wake alibaki kwa kikongwe wa jirani, au kwa msichana ambaye mwenyewe alikuwa bado mtoto. Akilia mchana kutwa, mlezi alichoka. Akilia usiku kucha, mama aliamkia kazini bila kupata hata lepe la usingizi. Dukani kulikuwa na dawa ya bei nafuu iitwayo Godfrey's Cordial: shira, viungo na kasumba. Kila muuzaji alichanganya ya kwake, kwa hiyo nguvu ya chupa moja haikulingana na ya nyingine. Wapo watoto waliolala wasiamke. Wengine walidhoofika polepole, kwani mtoto aliyeleweshwa halii njaa, na asiyelia njaa hanyonyeshwi.

Siwezi kuwalaumu akina mama wale. Likizo ya uzazi hawakuwa nayo, na mshahara wa siku moja ukikosekana ulikuwa ni mkate uliokosekana mezani. Lawama yangu ni kwa waliotajirika.

Nchini Marekani, mwaka 1849, Jeremiah Curtis na Benjamin Perkins wa Bangor, Maine, walianza kuuza Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Jina lilikuwa la mkwewe Curtis, aliyesemekana kuwa muuguzi wa watoto. Matangazo yalijaa picha za mama mwenye furaha na watoto wanene wenye mashavu mekundu. Maelekezo yalisema mtoto wa miezi sita na zaidi apewe kijiko kimoja cha chai, mara tatu au nne kwa siku. Tupige hesabu: aunsi moja, yaani takriban mililita 30, ilikuwa na miligramu 65 hivi za mofini, dawa itokanayo na kasumba. Kijiko kimoja basi kilibeba kama miligramu 10, kiasi ambacho leo daktari humpa mtu mzima mwenye maumivu makali, tena kwa uangalifu. Mzazi hakuambiwa lolote kuhusu mofini hadi sheria ya chakula na dawa ya mwaka 1906 ilipolazimisha itajwe kwenye lebo. Mwaka 1911 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliiweka dawa hiyo katika kundi la dawa zinazoua watoto. Mofini ikaondolewa, na jina likaendelea kuuzwa kwa miaka mingi.

Woodward's Gripe Water, dawa ya tumbo la watoto ambayo akina mama wengi wa Mombasa na Dar es Salaam wanaifahamu, ilianza Nottingham hiyo hiyo mwaka 1851. Haikuwa na kasumba. Ilikuwa na mafuta ya bizari, magadi ya kupikia, sukari na pombe, na pombe hiyo ilikuja kuondolewa baadaye.

Kilichokuwa kinamwamsha mtoto kilichelewa kuchunguzwa. Miaka ya mwanzo ya 1950, Eugene Aserinsky, mwanafunzi wa Nathaniel Kleitman katika Chuo Kikuu cha Chicago, alikaa kando ya vitanda vya vichanga akitazama kope zao. Aliona vipindi vya utulivu vikipokezana na vipindi vya mtikisiko. Utafiti huo ndio uliomfikisha kwenye ugunduzi wa usingizi wa macho yanayochezacheza, uliotangazwa mwaka 1953. Baadaye ilibainika kwamba karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni wa aina hiyo: anaguna, anakunja uso, anarusha miguu, na kumbe amelala. Mzazi akimnyanyua upesi, yeye ndiye anayemwamsha. Kuamka kwenyewe nako kuna sababu: tumbo lake ni dogo, na inachukua wiki kadhaa mwili wake kuutofautisha usiku na mchana.

Hata leo wapo wanaomnywesha mtoto dawa ya mafua ili alale. Baadhi ya dawa hizo, promethazini ikiwemo, zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto aliye chini ya miaka miwili kiasi cha kumuua. Mfamasia anayeulizwa dawa ya kumlaza kichanga aliseme hilo waziwazi kabla ya kugusa rafu.