Upana wa bomba la moshi la pikapu huamuliwa na injini

WAMILIKI wengi wa pikapu, bomba la moshi linapoliwa na kutu, humwagiza fundi atengeneze jipya lenye tundu pana zaidi, wakiamini kuwa upana ndio nguvu. Imani hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayolifanya gari lililosheheni mzigo lihemee mlimani.

Injini hutoa moshi kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine. Pigo linalokwenda kwa kasi bombani huacha nyuma yake mgandamizo mdogo, ambao husaidia kuuvuta moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa jembamba mno, moshi hujibana na pistoni hupoteza nguvu kuusukuma nje. Likiwa pana mno, kasi hupungua na msaada huo hufifia injini inapozunguka polepole, wakati ambao gari la mizigo linahitaji kuvuta.

Wapo mafundi wanaosema kuwa injini lazima "ibanwe kidogo". Si kweli, inachohitaji ni kasi ya moshi.

Macho nayo hudanganya. Kutoka inchi 2 hadi inchi 2.5 huonekana ni tofauti ndogo, lakini eneo la tundu huongezeka kwa asilimia 56. Bomba la inchi 3 lina eneo la mara mbili na robo ya lile la inchi 2.

Chukua mfano wa Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, ya lita 2.8 na isiyo na turbo. Nguvu zake ni kama farasi 90 tu, hivyo inchi 2, au 2.25 kwa wingi, zinaitosha. Hilux ya lita 3.0 yenye injini ya 1KD-FTV ni habari nyingine, kwa kuwa ina turbo. Baada ya moshi kuzungusha turbo, kazi yake ya kuvuta imekwisha, na kadiri unavyopata njia rahisi ya kutoka ndivyo turbo inavyozunguka kwa wepesi. Hapo inchi 2.5 hadi 3 si anasa.

Kwa injini za petroli zisizo na turbo, mafundi wengi huanzia inchi 2.25 kwa farasi 150 hadi 200, na inchi 2.5 kwa farasi 200 hadi 250.

Sailensa ichaguliwe kwa tundu la ndani, si kwa ukubwa wa mtungi wake. Yenye vyumba hupunguza sauti vizuri lakini hukawiza moshi. Ya bomba lililotobolewa na kuzungukwa na pamba ya kioo hupitisha kirahisi, ila kelele huongezeka. Kona nazo zikaguliwe: bomba lililobonyea linapokunjwa hurudisha pale pale wembamba uliokimbiwa.

Ncha ya bomba haina budi kupita mwisho wa bodi, hasa kwa pikapu zinazobeba watu chini ya turubai. Moshi una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua. Maungio yote yakaguliwe kabla gari halijaondoka gereji, kwani masizi meusi penye kiungo ni dalili kuwa moshi unavuja.