Mganga hajigangi: afya ya wanafunzi wa udaktari jijini Kampala

Wanafunzi wa udaktari hufundishwa kutunza afya za wengine, lakini wengi wao huiacha afya yao wenyewe iwe jambo la mwisho. Makala haya yanaeleza hali ilivyo jijini Kampala, hatari zilizopo, na hatua ambazo mwanafunzi na familia yake wanaweza kuzichukua.

Mambo makuu:
• Sonona huwapata wanafunzi wengi wa udaktari, na walio wachache tu hutafuta matibabu.
• Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni ngao ya lazima kabla ya kuingia wodini.
• Aliyechomwa na sindano iliyotumika asisubiri: dawa za kinga huanza ndani ya saa 72.
• Kila mwanafunzi wa udaktari awe na daktari wake.

Kasubi na njia ya Mulago

Kasubi ni kilima cha Kampala kinachojulikana zaidi kwa makaburi ya Makabaka wanne wa Buganda, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago haviko mbali, na bodaboda hufika huko kwa muda mfupi. Ndiyo maana vyumba vya kupanga na hosteli za Kasubi, Nakulabye na Kikoni huwapokea wanafunzi. Miongoni mwao wamo wanaosomea udaktari, wakiwamo waliovuka mipaka kutoka nchi jirani.

Mafunzo ya udaktari Makerere yalianza mwaka 1924. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitano, kisha mhitimu hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kupewa usajili kamili. Katika miaka hiyo mwanafunzi hutoka darasani na kuingia wodini, akahudhuria zamu za usiku, akashuhudia vifo vya wagonjwa, na bado akatakiwa kufanya mitihani. Mara nyingi huyapitia hayo akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mbali na nyumbani, na kwa fedha za kuhesabu.

Takwimu zinasema nini?

Utafiti uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa udaktari wa Makerere na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba asilimia 21.5 walikuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka na inayomnyima mtu hamu ya kazi, chakula na watu. Ni takribani mwanafunzi mmoja katika kila watano.

Kampala haiko peke yake. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliokusanya tafiti kutoka nchi zaidi ya 40, ulikadiria kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari duniani walikuwa na sonona au dalili zake. Hata hivyo, kati ya waliobainika kuwa na dalili hizo, ni asilimia 15.7 tu waliokuwa wametafuta matibabu. Watu walio karibu zaidi na hospitali ndio hao hao wasiobisha hodi.

Usingizi, chakula na mwendo

Mtu mzima huhitaji usingizi wa angalau saa saba kwa usiku. Anayekesha ili asome hupoteza kile anachokitafuta, kwa kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu wakati wa usingizi. Kahawa, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu huahirisha tu deni hilo. Mwili huchukua takribani saa tano kuondoa nusu ya kafeini. Aliyekunywa saa nne usiku bado anayo nusu yake saa tisa alfajiri.

Kuhusu chakula, mwanafunzi wa Kampala hujikuta akitegemea rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, au kikomando, ambayo ni chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Vyakula hivyo hushibisha kwa bei nafuu na havina ubaya kwa kiasi. Ila vikiwa ndivyo mlo wa kila siku, mboga na matunda husahaulika. Sokoni, dodo, maharage, dagaa waitwao mukene, mapapai na ndizi hupatikana bila gharama kubwa, na wanafunzi wawili au watatu wakipika pamoja, gharama hupungua zaidi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anayeishi Kasubi hahitaji ukumbi wa mazoezi. Akitembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano, mchana kweupe, badala ya kupanda bodaboda, amekwisha kutimiza dakika 150.

Hatari za wodini

Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo, au asiye na kumbukumbu ya chanjo, asibahatishe. Apimwe, na ikibidi apate dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu baada ya miezi sita.

Mwanafunzi akichomwa na sindano iliyotumika, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, kisha atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, zijulikanazo kama PEP, huanza mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Wengine hunyamaza kwa kuogopa kukaripiwa. Ukimya huo waweza kugharimu maisha.

Ebola nayo imetoa funzo chungu. Katika mlipuko uliotangazwa Septemba 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na saba kati yao wakafariki. Mmoja wa waliofariki alikuwa daktari kutoka Tanzania aliyekuwa akisomea upasuaji nchini Uganda. Januari 2025, mlipuko mwingine ulitangazwa baada ya muuguzi wa Mulago kufariki. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza vifaa vya kujikinga viko wapi kabla ya kumgusa mgonjwa.

Kwa nini hawaombi msaada?

Sababu ni kadhaa. Wapo wanaohofia kwamba mwalimu au mwenzao atajua, kwani hospitali ya kutibiwa ndiyo hiyo hiyo ya kusomea. Wapo wanaoona aibu, wakidhani daktari mtarajiwa hapaswi kudhoofika. Na wapo wanaojitibu: hujipimia ugonjwa kwa vitabu vyao, kisha hununua dukani dawa za usingizi au za kuua bakteria bila kuandikiwa.

Methali yetu imekwisha kulitolea neno jambo hili: mganga hajigangi. Maana yake kwa mwanafunzi ni nyepesi: elimu yake haimtoshi kujitibu, anahitaji jicho la mwingine. Chama cha Madaktari Duniani kilikubaliana na hekima hiyo mwaka 2017, kilipoongeza katika kiapo cha Geneva ahadi ya daktari kuitunza afya yake ili aweze kuwahudumia wengine vyema.

Pa kuanzia

Makerere ina hospitali yake na huduma ya ushauri nasaha kwa wanafunzi wake. Anayechelea kukutana na wenzake Mulago anaweza kwenda kituo cha afya cha Kawaala, jirani na Kasubi, au hospitali za Mengo na Lubaga. Matatizo mazito ya akili hushughulikiwa katika Hospitali ya Taifa ya Butabika.

Wazazi na walezi, hata walio ng'ambo, wana nafasi yao. Mnapopiga simu, msiulize matokeo ya mtihani pekee. Ulizeni amelala saa ngapi, amekula nini, na ni nani anayezungumza naye. Zikipita wiki mbili akiwa na huzuni isiyoisha, akijitenga au akikosa usingizi, mhimizeni amwone mtaalamu. Akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake. Atafutiwe mtu wa kukaa naye na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.